Mikono Imgusayo Mtoto Mgonjwa

Mahubiri kwa Wakristo wa Kasingirima
Masomo: Kutoka 30:17-21, Marko 10:13-16





Katika somo letu la pili tunasoma kwamba watu walimletea Bwana Yesu watoto wadogo ili awaguse. Hawakuwaleta ili wahubiriwe, wala ili wapewe chakula. Waliwaleta waguswe. Wanafunzi waliwakemea watu wale. Yamkini waliona kwamba Mwalimu ana kazi kubwa kuliko kushika watoto. Lakini Bwana alichukizwa na jambo lile. Akawaita watoto, akawakumbatia, akaweka mikono yake juu yao, akawabariki.

Mtoto mdogo huujua upendo kwa njia ya mikono kabla hajaujua kwa maneno. Kwa mikono huogeshwa, hulishwa, hubebwa mgongoni, hubembelezwa mpaka usingizi umchukue. Wazee wetu walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Naye mtoto akiugua na kulazwa hospitalini, mikono inayomgusa huongezeka: mikono ya mama na ya bibi, ya muuguzi anayemchoma sindano, ya daktari anayempima kifua, ya mtu wa maabara anayemtoa damu, ya mhudumu anayetandika kitanda, na mikono yetu sisi tunaokwenda kumtazama na kumwombea. Mtoto huyo hawezi kumwambia mtu yeyote kati ya hao, "Ngoja kwanza, umenawa?" Hana kinywa cha kusemea. Kwa hiyo nataka leo tuseme kwa niaba yake.

BIRIKA LILIPOWEKWA

Tutazame somo la kwanza. Mungu alimwagiza Musa atengeneze birika la shaba, akaliweke kati ya hema ya kukutania na madhabahu, na kulitia maji. Haruni na wanawe walipaswa kunawa mikono na miguu yao kila walipoingia hemani, na kila walipoikaribia madhabahu ili kufanya huduma. Agizo hilo lilikuwa zito: wanawe, wasije wakafa.

Angalieni mambo matatu. Kwanza, mahali. Birika halikuwekwa nje ya kambi, wala nyuma ya hema. Liliwekwa njiani, katikati, mahali ambapo kuhani hawezi kupita bila kuliona. Pili, watu. Walioamriwa kunawa ni makuhani wenyewe, watu waliotakaswa na kupakwa mafuta. Hakuna aliyeambiwa, "Wewe ni mtumishi wa Mungu, mikono yako haina haja ya maji." Tatu, wakati. Walinawa kabla. Hawakungoja mpaka mikono ijae damu ya sadaka ndipo wakumbuke maji. Walinawa walipokuwa wanakwenda kuhudumu.

Hili la tatu ndilo ninalotaka tulishike. Kuna kunawa kwa namna mbili. Kuna kunawa baada, na kuna kunawa kabla. Anayenawa baada hujiokoa yeye mwenyewe. Anayenawa kabla humwokoa mwenzake. Pilato alinawa mikono mbele ya mkutano, lakini alinawa kwa ajili ya nafsi yake, ili awe mbali na jambo alilokwisha kulikubali. Yule asiye na hatia hakupata faida yoyote kwa maji yale.

Watu waliochunguza kazi za hospitali katika nchi nyingi wameona jambo linalofanana na hilo. Watumishi wa afya hunawa mara nyingi zaidi baada ya kumgusa mgonjwa kuliko kabla ya kumgusa. Si ajabu. Ukishika usaha au damu, hofu yenyewe itakupeleka kwenye bomba. Lakini kabla ya kumgusa mtoto, mikono yaonekana safi, haina harufu, haina doa. Hapo hofu haisukumi. Hapo hatuna budi kusukumwa na upendo.

JE, BWANA ALIKATAZA KUNAWA?

Huenda mtu akauliza, "Mbona Bwana Yesu aliwatetea wanafunzi wake walipokula bila kunawa?" Ni swali la haki, maana limeandikwa katika Marko sura ya 7. Lakini tusome vizuri. Mafarisayo hawakuwa wakizungumza habari za ugonjwa. Walikuwa wakitetea desturi ambayo kwayo mtu hujihesabia haki mbele za Mungu na kumdharau mwingine. Bwana aliwaonyesha katika sura ile ile kwamba kwa desturi zao waliacha hata kuwatunza baba na mama zao. Kosa lao lilikuwa kunawa kusiko na upendo.

Basi, mtu asiitwae sura hiyo kuwa kisingizio. Ikiwa uchafu wa moyo hutoka ndani, basi kumshika mtoto wa mwenzako bila kujali kama utamdhuru ni jambo litokalo ndani vilevile. Zaburi ya 24 inaviweka pamoja mikono iliyo safi na moyo ulio safi. Tusivitenganishe.

WALIOKATAA KUAMINI

Mwaka 1847, katika Hospitali Kuu ya mji wa Vienna, nchini Austria, alikuwapo daktari mmoja Mhungaria jina lake Ignaz Semmelweis. Hospitali ile ilikuwa na sehemu mbili za akina mama wanaojifungua. Katika sehemu moja walihudumu wakunga. Katika nyingine walihudumu madaktari na wanafunzi wao. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba akina mama wengi zaidi walikufa kwa homa ya uzazi katika sehemu ya madaktari.

Semmelweis alitafuta sababu asiipate, mpaka rafiki yake, mwalimu Jakob Kolletschka, alipokatwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na ule wa akina mama. Ndipo alipotambua. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka katika chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Mauti yalisafiri mikononi mwao. Aliamuru kila mtu anawe kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mzazi. Katika mwezi wa Aprili mwaka ule, akina mama wapatao 18 katika kila 100 walikufa kwenye sehemu ile. Katika mwezi wa Juni, baada ya amri hiyo, waliokufa walikuwa kama 2 tu katika kila 100.

Mngetegemea kwamba wote wangeshangilia. Wengi hawakushangilia. Ilikuwa vigumu mno kwa watu wenye elimu na heshima kukubali kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyoleta mauti. Semmelweis alifariki mwaka 1865 akiwa amefungiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, na wenzake wengi walikuwa bado hawajamwamini. Baadaye elimu ya vijidudu ilionyesha kwamba alikuwa amesema kweli.

Twakumbuka habari za Naamani katika 2 Wafalme 5. Jemadari yule alikasirika kwa sababu nabii alimwambia aende akaoge tu mtoni. Kama angeambiwa jambo kubwa, angelifanya. Watumishi wake ndio waliomshauri asidharau jambo dogo. Nasi leo twapenda kusikia habari za mashine mpya na dawa mpya, na hayo ni mema. Lakini maji na sabuni twaviona kuwa mambo madogo.

HABARI ZA KARIBU NA KWETU

Mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya Ulaya ya zamani. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, wataalamu waliwafuatilia watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya tangu mwaka 2002 hata mwaka 2009. Watoto hao walikuwa zaidi ya 33,000. Walichunguza ni wangapi waliopata vijidudu katika damu wakiwa tayari wodini, yaani ugonjwa ambao hawakuja nao kutoka nyumbani. Waliona kwamba walikuwa karibu watoto 6 katika kila 1,000 waliolazwa.

Waweza kusema, "Sita si wengi." Lakini sikilizeni yaliyofuata. Katika watoto waliopata ugonjwa huo hospitalini, zaidi ya nusu walifariki: 53 katika kila 100. Watoto waliokuja na vijidudu vya damu kutoka nyumbani walifariki 24 katika kila 100. Wale ambao hawakuwa na vijidudu katika damu walifariki 8 katika kila 100. Tena waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni pamoja na wale wenye utapiamlo mkali. Yaani aliye dhaifu kuliko wote ndiye aliyepigwa zaidi.

Sababu yake yaeleweka. Mtoto njiti ana ngozi nyembamba sana. Mtoto mwenye utapiamlo hana nguvu ya kupigana na ugonjwa. Juu ya hayo amewekewa sindano katika mshipa, pengine na mpira wa kumlishia puani. Kila kitu cha namna hiyo ni mlango ulio wazi. Nao wadudu wanaokaa hospitalini mara nyingi wamekwisha kuzizoea dawa, hata dawa iliyotegemewa haiwawezi tena. Si kila ugonjwa wa wodini huletwa na mikono. Lakini mikono ni mojawapo ya njia kubwa, nayo ni njia tuwezayo kuifunga.

Tukija Zanzibar, watafiti waliwatazama wakunga na watumishi wengine wa uzazi katika vituo 10, na matokeo yao yalitolewa mwaka 2019. Waliangalia wanafanya nini kabla ya kazi zile zinazohitaji mikono safi kabisa. Walinawa au kupaka dawa ya mikono kwa kadiri ya mara moja katika kila mara nne. Lakini waliofanya yote kwa ukamilifu, yaani kunawa, kuvaa glovu, na kutokushika tena kitu kichafu kabla ya kumgusa mama, hawakufika mara moja katika kila mara kumi. Mtu hunawa vizuri, huvaa glovu, kisha husogeza pazia, huvuta meza, hushika kitanda. Na kwa glovu hiyo hiyo humgusa mzazi. Glovu humlinda aliyeivaa. Haimlindi mgonjwa ikiwa imekwisha kushika kila kitu njiani.

Sasa tuitazame nchi yetu. Uchunguzi wa Taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 67 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 idadi hiyo ilishuka hata 43. Tumshukuru Mungu, na kuwashukuru watumishi wa afya waliojitoa. Lakini kwa watoto wachanga wa siku zisizofika 28 hesabu ilikuwa 25, na mwaka 2022 ilikuwa 24. Karibu haikusogea. Wachanga hawa hufa kwa sababu mbalimbali: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, na maambukizo. Kwa hili la mwisho, mikono yetu ina neno.

TUSIWATUPIE WAUGUZI MAWE

Ndugu zangu, nisingependa mtu yeyote atoke hapa akiwa na ulimi mkali juu ya wauguzi. Wengine wao ni washarika wenzetu. Fikirini habari ya muuguzi mmoja usiku, mwenye wodi iliyojaa watoto. Huyu analia, yule dripu imetoka, wa tatu ametapika. Bomba liko mwisho wa ukumbi. Pengine siku hiyo maji yamekatika. Pengine sabuni imekwisha tangu juzi. Ngozi ya mikono yake imepasuka kwa kunawa. Mwambie tu "Nawa!" nawe hujamsaidia.

Hata huko Geneva, Uswisi, nchi yenye mali, hospitali kuu ya mji ilipojipima mwaka 1994 iliona kwamba watumishi wake walisafisha mikono chini ya nusu ya nyakati walizopaswa: 48 katika kila 100. Hawakutosheka na kuwakemea. Waliweka chupa za dawa ya mikono, ile iliyotengenezwa kwa spiriti, karibu na kitanda cha kila mgonjwa, wakaweka mabango, na wakuu wa hospitali wakaiunga mkono kazi ile. Mwaka 1997 hesabu ilifika 66 katika kila 100, na magonjwa yanayopatikana hospitalini yakapungua toka karibu 17 hata karibu 10 katika kila wagonjwa 100. Waliobadilika zaidi walikuwa wauguzi. Madaktari walibaki nyuma. Wakubwa wanaosoma ukurasa huu na watafakari neno hilo, maana mdogo hufuata afanyavyo mkubwa wake.

Mnaona? Watu wale walifanya kama Musa alivyoagizwa. Walilileta birika njiani. Siku hizi Shirika la Afya Duniani limetoa maelezo ya kuchanganya kitakasa mikono hicho, na hospitali inaweza kukitengeneza yenyewe kwa gharama ndogo, ikiwa na mfamasia na vifaa. Hukipaka mikono yote miwili na kusugua muda wa sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke. Lakini mikono yenye uchafu unaoonekana hutaka maji na sabuni, na kazi nzima huchukua sekunde 40 hadi 60.

Shirika hilo limetaja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kamili, kama kuchoma sindano au kufunga kidonda, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Mbili za kwanza ni za "kabla". Hizo ndizo za mtoto asiyeweza kusema.

NA SISI WA KASINGIRIMA?

Huku kwetu twayajua maji. Ziwa Tanganyika liko mbele ya macho yetu, na jirani zetu Waislamu wa Ujiji hutukumbusha kila siku, kwa udhu wao, kwamba mtu hunawa kabla ya kusimama mbele za Mungu. Tena sabuni si kitu kigeni, maana mkoa wetu una mawese, na akina mama wengi huyageuza kuwa sabuni.

Hata hivyo twajua pia jinsi tunavyosahau. Mwezi wa Mei mwaka 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijaa katika kijiji cha Kagunga, ng'ambo ya milima ya kaskazini. Kipindupindu kikaingia, watu zaidi ya 30 wakafariki, na meli ya Liemba ikafanya safari nyingi kuwaleta wakimbizi Kigoma, katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kabla ya kwenda kambini Nyarugusu. Siku zile kila mtu alinawa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, ndoo za maji zilisimama mbele ya maduka na mbele ya makanisa. Hofu ilipoondoka, ndoo nyingi ziliondoka nayo. Hii yaonyesha kwamba tulinawa kwa ajili ya nafsi zetu. Mtoto aliyelazwa leo hana msimu wa hatari. Kwake kila siku ni siku ya hatari.

Basi, tufanye nini? Nataja mambo manne.

La kwanza ni kwetu tunaokwenda kuwaona wagonjwa: kasisi, wainjilisti, wazee wa kanisa, akina mama na vijana wa kwaya. Desturi yetu ni kupita kitanda hata kitanda, kuwashika wagonjwa mikono na kuweka mikono juu ya vichwa vya watoto tukiomba. Ni desturi njema, maana Bwana mwenyewe alifanya hivyo. Lakini kijidudu hakitazami kwamba mkono huu ni wa sala. Mkono uliotoka katika kitanda cha kwanza bila kunawa huenda ukaiacha baraka na ugonjwa pamoja katika kitanda cha pili. Kuanzia sasa, kila kikundi kitakachotumwa na kanisa letu hospitalini kichukue kitakasa mikono. Kila mmoja asafishe mikono kabla ya kila mtoto, na kabla ya kwenda kwa mwingine asafishe tena. Katika wodi ya watoto njiti tusiguse kabisa ila kwa ruhusa ya muuguzi. Mungu husikia hata maombi ya mtu aliyesimama mlangoni. Naye mwenye mafua au tumbo la kuhara abaki nyumbani, aombee huko.

La pili ni kwa akina mama na mabibi wanaouguza. Katika hospitali zetu ninyi mwafanya nusu ya kazi ya uuguzi. Nawa kabla ya kumnyonyesha mtoto, kabla ya kumlisha, kabla ya kushika mpira au sindano iliyo mwilini mwake. Nawa baada ya kumbadilisha nepi. Usimbebe mtoto wa kitanda cha pili kisha ukarudi kwa wako bila kunawa. Tena usiogope kumwomba mtumishi anawe. Sema kwa adabu: "Shikamoo mganga. Samahani, naomba unawe kwanza kabla ya kumshika mwanangu." Hilo si tusi. Mama Mkananayo hakunyamaza alipokuwa akimwombea binti yake, wala Bwana hakumhesabia utovu wa adabu. Nanyi watumishi wa afya, mkiambiwa neno hilo na mama wa kijijini, lipokeeni kama Naamani alivyopokea neno la watumishi wake. Mjibu tu, "Ahsante, mama," kisha mkanawe.

La tatu ni kwa kanisa zima. Tukipeleka zawadi hospitalini wakati wa Krismasi na Pasaka, kwa kawaida tunapeleka matunda na biskuti. Ni vizuri. Lakini tukiongeza sabuni ya kutosha, na ndoo zenye bomba kwa wodi isiyo na maji, tutakuwa tumeshiriki katika uponyaji wenyewe. Tusipeleke tu na kurudi tukipiga picha. Tumwulize muuguzi mkuu kinachohitajika na mahali pa kukiweka, maana birika likiwekwa nyuma ya hema halitumiki. Wazee wetu walio katika kamati za afya na katika vikao vya serikali za mitaa waulize juu ya maji ya hospitali na zahanati kama wanavyouliza juu ya barabara. Uliza, kisha uliza tena.

La nne ni nyumbani. Tuache desturi ya watu kumi kunawa katika beseni moja kabla ya kula, maana wa kumi hunawa uchafu wa tisa waliomtangulia. Maji yamiminwe kwa jagi, au tutengeneze vibuyu chirizi: dumu dogo lenye tundu, kamba, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu, na sabuni iliyoning'inizwa kando. Mtoto wa shule aweza kukitengeneza kwa nusu saa. Kiwepo karibu na choo, na kingine karibu na jiko. Mtoto anayezoea kunawa nyumbani, huenda siku moja akawa muuguzi au daktari. Naye atakwenda wodini na mazoea hayo.

NENO LA MWISHO

Bwana wetu alisema kwamba lile tulilomtendea mmoja wa hao walio wadogo tumemtendea Yeye. Tumelisikia neno hilo mara nyingi, hata limekuwa rahisi masikioni. Lakini lifikirini mkiwa mmesimama kando ya kitanda cha mtoto njiti, mwenye mkono mdogo kama kidole chako. Ikiwa Kristo yuko pale, basi kitanda kile ni mahali patakatifu, na sisi tunaokikaribia ni watu wa kuhudumu. Haruni hakuthubutu kuikaribia madhabahu kwa mikono isiyonawa. Sisi tumkaribieje mtoto huyo?

Hatuwezi kuponya kila mtoto. Wako watakaofariki ingawa kila mkono ulikuwa safi, nasi tutalia pamoja na mama zao. Lakini asife mtoto hata mmoja kwa sababu mmoja wetu aliona uvivu kusimama mbele ya maji kwa dakika moja.

Na tuombe.

Ee Mwenyezi Mungu, Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo aliyewakumbatia watoto wadogo, tunawaweka mikononi mwako watoto wote waliolazwa katika hospitali na zahanati za mkoa wetu. Watie nguvu wauguzi, wakunga, madaktari na wahudumu wanaokesha kwa ajili yao. Wape maji, sabuni na vyote wanavyohitaji, na utufanye sisi kuwa tayari kuvitoa. Utakase mioyo yetu kwa Roho wako Mtakatifu, na utukumbushe kuitakasa mikono yetu kabla ya kuwagusa walio dhaifu. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.